Sufuria, cherehani na cheti: Wazazi wa Afrika Mashariki njia panda Texas

Fomu yenyewe haina maneno mengi. Mwanafunzi anayeingia darasa la tisa katika shule ya umma ya Texas hutakiwa kuandika atafuata mwelekeo gani wa masomo mpaka ahitimu, na mzazi hutia saini mpango huo. Njia ziko tano: sayansi na hesabu, biashara na viwanda, huduma kwa jamii, sanaa na lugha, na ile inayochota kidogo kidogo kila upande.

Katika mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, na katika nyumba za kupanga za Gulfton, Houston, ambako familia nyingi za wakimbizi na wahamiaji huanzia maisha, fomu hiyo hufika mezani ndani ya begi la mtoto. Mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye mkalimani. Anamsomea mama aliyekaa miaka kambini Nyarugusu, au baba aliyekuja kwa viza ya bahati nasibu kutoka Mombasa: uuguzi, uhandisi, kompyuta, uchomeleaji. Kisha anafika kwenye mapishi, ubunifu wa mavazi na malezi ya watoto.

Hapo ndipo maneno huanza. Kupika nako kunasomewa? Yaani tupange foleni za ubalozi, tuvuke bahari, halafu mtoto, tena wa kiume, aende shule kukaanga vitunguu?

Swali hilo linachekesha mpaka uchunguze shule hizo zinafundisha nini hasa, na zimeacha kufundisha nini. Ukichunguza, unakuta mzazi amekosea upande mmoja, na upande wa pili ana hoja nzito kuliko anavyodhani.

Jiko lisilofanana na la nyumbani

Darasa la mapishi katika sekondari kubwa za Dallas, Fort Worth na Houston ni jiko la hoteli lililohamishiwa shuleni. Kuna meza za stenlesi, oveni zinazopuliza hewa ya moto, friji kubwa, na sinki la vyumba vitatu: cha kuoshea, cha kusuuzia na cha kuua vijidudu. Mwanafunzi huvaa koti jeupe, hufunga nywele na kukata kucha.

Dallas wana Skyline, sekondari iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na kituo kikubwa cha ufundi ndani yake. Houston wana kituo cha ufundi chenye jina la Barbara Jordan, mwanasiasa mweusi wa mji huo aliyechaguliwa kuingia Bunge la Marekani mwaka 1972. Kote kuwili mapishi hufundishwa kama fani, sawa na umeme au magari.

Kabla ya kukabidhiwa kisu, mwanafunzi hufundwa usafi. Anaambiwa kuwa kati ya nyuzijoto 5 na 57 za Selsiasi bakteria huzaliana haraka, hivyo chakula kisilazwe humo. Anaambiwa kuku hajaiva mpaka kipimajoto kilichochomekwa kwenye mnofu kisome 74, hata kama ngozi imekauka na kung'aa. Nyama mbichi hukaa shelfu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee saladi. Karoti hukatwa vijiti vya ukubwa mmoja, wala si kwa urembo, ni ili zote ziive kwa wakati mmoja.

Kipimajoto hicho kingewashangaza mama zetu. Sisi hubonyeza, hunusa, huonja, na watoto wamekua. Lakini mkaguzi wa afya wa Houston haonji, anasoma namba.

Kisha zinakuja hesabu, na hapa ndipo vijana wengi hutoka jasho. Sahani moja ya wali na kuku imekula malighafi ya dola ngapi? Iuzwe ngapi ili kodi ya jengo, umeme na mshahara wa mwosha vyombo vitoke humo humo? Mwenye mkahawa asiyeyajua hayo hufunga, hata kama biriani yake inasifiwa mji mzima.

Ushonaji nao umehama. Somo sasa ni ubunifu wa mavazi: mwanafunzi huchora, hukata patani, hupitisha kitambaa kwenye cherehani na kwenye overloki, halafu hujifunza nguo inavyouzwa. Kupandisha pindo la suruali na kurudishia kifungo si tena shabaha ya somo.

*Mkaguzi wa afya haonji, anasoma namba.*

Historia yenye doa

Somo hili lilizaliwa likiitwa uchumi wa nyumbani. Ellen Swallow Richards, mkemia na mwanamke wa kwanza kusoma MIT, aliongoza mikutano iliyoanza mwaka 1899 huko Lake Placid, New York, akitaka jiko litazamwe kwa jicho la sayansi: maji safi, lishe, hesabu za matumizi. Mwaka 1917 sheria ya Smith-Hughes ikaleta fedha za serikali kuu kwa elimu ya ufundi, uchumi wa nyumbani ukiwamo.

Texas ilikuwa imeshatangulia, kwa namna yake. Mwaka 1901 Bunge la jimbo lilianzisha chuo cha wasichana huko Denton, kaskazini ya Dallas na Fort Worth, nacho kikafungua milango mwaka 1903. Upishi na ushonaji vilikuwa sehemu ya sababu ya kuwapo kwake. Sheria ilisema bila kificho kuwa ni chuo cha wasichana weupe. Leo kinaitwa Texas Woman's University, na mwanafunzi wake wa kwanza mweusi aliingia mwaka 1961.

Wasichana weusi walikuwa na Prairie View, kaskazini-magharibi ya Houston, chuo kilichoanzishwa mwaka 1876. Kutoka hapo, mwaka 1915, Mary Evelyn V. Hunter alianza kazi akiwa mwanamke mweusi wa kwanza Texas kuajiriwa kama ofisa ugani wa maarifa ya nyumbani, akiwafundisha wake wa wakulima namna ya kuhifadhi chakula na kutunza nyumba. Hata vyama vya wanafunzi viligawanywa kwa rangi: mwaka 1945 kiliundwa kimoja cha kitaifa, na katika majimbo ya ubaguzi kikawapo kingine cha weusi. Viliunganishwa mwaka 1965.

Nayaleta haya kwa sababu moja. Kwa familia nyingi za Wamarekani weusi, binti kufundishwa kupika shuleni kulimaanisha kuandaliwa kwenda kupika katika jiko la mtu mwingine. Mzazi mwenyeji mweusi na mzazi mhamiaji wanakutana kwenye wasiwasi uleule, kila mmoja amefika kwa njia yake.

Na sisi tuna kumbukumbu zetu. Shule za wasichana za enzi ya ukoloni zilipenda sana sindano na uzi. Elimu ya Kujitegemea ya Tanzania ya mwaka 1967 ilitaka jembe na kalamu viende pamoja, lakini wazazi wengi waliendelea kuhesabu kalamu tu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985 ulileta sayansi kimu hadi shule za msingi, na wazazi wakajikuta wananunua vitambaa na kushona wenyewe usiku ili mtoto apeleke kazi asubuhi. Tanzania imeanza upya mwaka 2024 kwa mkondo wa amali sekondari. Mzazi aliyepitia hayo, ukimwambia somo la mapishi lina manufaa, atakwambia ameshawahi kuahidiwa.

Nyumbani hadi hotelini

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na madarasa ya mapishi yakalazimika kufunguliwa kwa wavulana. Mwaka 1994 chama cha wataalamu wa fani hiyo kikaachana na jina la zamani na kujiita cha sayansi ya familia na mlaji. Jina lilibadilika, wanafunzi wakapungua. Kufikia mwaka 2012 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari takriban milioni 3.5 katika masomo hayo, pungufu kwa asilimia 38 katika kipindi cha miaka kumi.

Kilichopungua ni somo la kuendesha nyumba. Kilichobaki kikavishwa koti la ajira. Mwaka 2013 Bunge la Texas lilipitisha sheria namba 5, ileile iliyoleta njia tano na kupunguza mitihani ya lazima ya mwisho wa somo kutoka 15 hadi 5. Tangu hapo fani za ufundi zimepanda chati. Shule hulipwa zaidi kwa mwanafunzi aliye katika darasa la ufundi, na mwanafunzi akipata cheti kinachotambulika na waajiri, alama ya shule katika upimaji wa jimbo husaidika.

Mwalimu wa mapishi kwa hiyo ana sababu ya kumwandaa kijana kwa mtihani wa usalama wa chakula wa ServSafe. Hana sababu kama hiyo ya kumfundisha kulisha watu watano kwa wiki nzima kwa dola mia.

Wanaolitetea wana ushahidi

Mfano unaotajwa sana Dallas hauko shuleni. Mwaka 2008 mpishi Chad Houser alienda kuwafundisha aiskrimu vijana wanane waliokuwa mahabusu ya watoto, ili washindane katika soko la wakulima la Dallas. Mmoja wao aliibuka mshindi. Houser, aliyekuwa mmiliki mwenza wa mkahawa, akaacha biashara yake na kuanzisha Café Momentum, ambayo tangu mwaka 2015 ina mkahawa wake katikati ya mji.

Wafanyakazi wake ni vijana wa miaka 15 hadi 19 waliotoka mikononi mwa mahakama za watoto. Kwa miezi 12 hulipwa mshahara huku wakizungushwa kila kona ya mkahawa, kuanzia kuosha vyombo hadi kuhudumia meza, na pembeni wanasaidiwa masomo, makazi na namna ya kutunza fedha. Mapishi pale ni ndoano. Samaki wenyewe ni kufika kazini kwa wakati, kukosolewa bila kurusha ngumi, na kuwa na mtu mzima wa kumpigia simu mambo yakiharibika.

Houston nao wana mfano wa kujivunia, na uko angani. Mei 14, 1973 kituo cha Skylab kilirushwa kikapoteza ngao yake ya kuzuia jua, na ndani kukawaka joto la zaidi ya nyuzi 50. Katika kituo cha anga cha Houston wahandisi na mafundi cherehani walikesha wakitengeneza mwavuli mwepesi wa kitambaa. Wanaanga waliondoka nao siku 11 baadaye, wakauchomoza kupitia tundu dogo, na kituo kikapoa. Mradi wa mabilioni uliokolewa na watu wanaojua kushona.

Si hadithi ya kale tu. Tangu mwaka 2003 NASA ina mpango uitwao HUNCH, unaowapa wanafunzi wa sekondari kazi za kweli. Wako wanaoshona mifuko na vifaa vya kitambaa kwa ajili ya wanaanga, na wako wanaoshindana kubuni chakula chao. Chumvi ina kikomo, kalori zina kikomo, na chakula kisimwage makombo, maana huko juu kombo halianguki. Linaelea mpaka kwenye jicho la mtu au kwenye mitambo. Ndiyo maana wanaanga hula tortilla badala ya mkate. (Chapati ingefaa vilevile. Anayeandika haya yuko tayari kuijaza fomu ya maombi.) Fainali huamuliwa Houston.

Hofu ya mzazi si ya bure

Sasa turudi kwa mama anayesita. Akimuuliza mshauri wa shule swali moja tu, liwe hili: mtoto wangu akichukua mapishi, je, Aljebra ya Pili bado ipo kwenye mpango wake?

Kwa sheria ya mwaka 2013 mtu anaweza kuhitimu Texas bila somo hilo. Lakini bila Aljebra ya Pili hapati ile ngazi ya juu ya kuhitimu, na bila ngazi hiyo anapoteza nafasi ya kuingia moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma, nafasi inayotolewa kwa asilimia 10 ya juu ya kila darasa tangu sheria ya mwaka 1997. Mwanafunzi wa mapishi anaweza kabisa kubaki kwenye ngazi ya juu, hakuna kinachomzuia. Tatizo ni kwamba anaweza pia kuteremka bila nyumbani kujua, hasa kama Kiingereza chake bado cha kuungaunga na mtu ameona amrahisishie.

Kuna pia suala la kipato. Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, na hakijasogea tangu mwaka 2009. Majiko mengi hulipa zaidi ya hapo, lakini kazi ya jiko ni kusimama, kuungua na kurudi nyumbani usiku wa manane. Tena kijana wa chini ya miaka 18 haruhusiwi na sheria ya kazi kuendesha wala kusafisha mashine ya kukatia nyama, na mashine ya kukandia unga nayo ina masharti. Cheti alichokipata akiwa na miaka 16 hakimfungulii kila mlango anaoambiwa.

Walimu wenyewe wamegawanyika kuhusu vyeti. Wapo wanaoona vinampa kijana kitu cha kushika mkononi. Wapo wanaosema shule zinakimbilia vyeti rahisi ili alama zipande. Jimbo limekuwa likiipitia orodha na kuviondoa vilivyopitwa. Kwa tathmini yangu cheti cha usalama wa chakula kina kazi, ila kisihesabiwe kuwa ni elimu nzima.

*Bila Aljebra ya Pili, mlango wa kuingia chuo kikuu moja kwa moja unafungwa.*

Nani hasa anafundishwa kuishi?

Ukiingia katika sekondari ya Texas ukiuliza ni wapi mwanafunzi hufundishwa kufua, kwenda dukani na orodha, kupanda basi peke yake na kupika chakula chake cha jioni, utaelekezwa kwenye darasa la elimu maalumu. Wanafunzi wenye ulemavu wa akili hupangiwa mafunzo hayo kwa sheria: Texas huanza kupanga maisha yao ya baada ya shule wakiwa na miaka 14, na wanaweza kuendelea kuhudumiwa mpaka umri wa miaka 21. Kazi inayofanywa humo ni nzuri mno, na wazazi wetu wenye watoto wa aina hiyo wasiogope wala wasione aibu kuidai.

Lakini tazama matokeo yake. Mwanafunzi mwenye ulemavu anafundishwa kujitegemea. Anayefuata fani ya mapishi anafundishwa kumhudumia mteja. Wengine wote, wale walio wengi, wanahitimu wakijua kutafuta eneo la pembetatu, na chakula cha jioni wanakiagiza kwa simu. Vipo vipindi vya nusu krediti vya lishe na vya matumizi ya fedha, ila vimekuwa vya hiari, na ratiba ikibana ndivyo vya kwanza kuachwa.

Mwaka 2025 Texas ilipitisha sheria namba 27, inayomtaka kila atakayeingia darasa la tisa kuanzia mwaka wa masomo 2026–2027 asome nusu krediti ya elimu ya fedha binafsi kabla ya kuhitimu. Ni hatua. Kijana anayelipa kodi ya nyumba Houston kwa kadi ya mkopo asiyoielewa anaumia kuliko asiyejua kuoka keki. Kwa familia zetu umuhimu wake ni mara mbili, maana mtoto anayesoma barua za benki nyumbani ndiye huyo huyo wa darasa la tisa.

Jiko halikupata bahati hiyo. Hakuna sheria inayomtaka kila mhitimu ajue kupika milo mitatu na kushona palipochanika.

Mandazi ndani ya sheria

Wapo watakaosema hayo ni kazi ya mama nyumbani. Mama huyo anafanya kazi zamu ya usiku ghalani, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth. Akirudi, mtoto ameshapanda basi la shule. Desturi ya kurithishana jiko inahitaji watu wawili wawe macho kwa wakati mmoja.

Na hata anayejua kupika ana kitu cha kujifunza darasani. Tangu Septemba 1, 2025 sheria ya Texas ya vyakula vinavyotengenezwa nyumbani imelegezwa sana: mpishi wa nyumbani anaweza kuuza hadi dola 150,000 kwa mwaka, kutoka kikomo cha zamani cha dola 50,000. Mandazi, chapati, vitumbua na kashata vimo. Sambusa ya nyama haimo, kwa kuwa nyama na samaki havikuruhusiwa; ya dengu inaruhusiwa. Muuzaji anatakiwa awe amepita mafunzo ya usalama wa chakula na abandike lebo inayotaja viungo vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio.

Kila hafla ya Waswahili Fort Worth au Houston ina mama mwenye sinia la mandazi. Tofauti ya kuuza kwa kujificha na kuuza kwa kifua mbele ni mambo ambayo kijana wa darasa la mapishi hufundishwa mwaka wa kwanza. Hapo mtoto ana cha kumfundisha mama, na mama ana iliki yake.

Kabla ya saini

Kosa la Texas si kufundisha kupika. Ni kuwafundisha wachache kupikia wateja, na kuwaacha walio wengi bila kujua kujipikia. Bodi za shule zinazochaguliwa na wananchi zinaweza kulirekebisha hilo wilaya kwa wilaya, na wazazi wa Afrika Mashariki waliokwisha pata uraia wana kura katika bodi hizo kama mtu mwingine yeyote, ingawa siku ya kupiga kura mistari yao ni mifupi.

Kwa wasiopiga kura bado, liko la kufanya wiki hii. Nenda shuleni, omba kukutana na mshauri, na omba mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 isimbague mtu kwa asili yake, na kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa ni sehemu ya wajibu huo. Mkalimani huyo halipwi na wewe, na asiwe mwanao.